Jinsi ya kutambua magonjwa na hitilafu za nyanya kabla ya kushika bomba la dawa

Nyanya ikianza kuumwa, wengi hukimbilia bomba. Mmea ulionyauka kwa bakteria unapigwa dawa ya ukungu, tunda lililooza kitako kwa kukosa kalsiamu linapigwa dawa ya wadudu, jani lililokunjwa na virusi linamwagiwa mbolea. Fedha inakwenda, siku zinakwenda, tatizo liko palepale. Ugumu ni kwamba mnyanya una njia chache za kusema unaumwa: unageuka njano, unatoka madoa, unajikunja au unanyauka. Dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitano. Kinachotofautisha mara nyingi si doa lenyewe. Ni mahali lilipoanzia, kasi linavyosambaa, na utakachokiona ukipasua shina au ukichimbua mizizi.

Anza na shamba, jani baadaye

Pita shambani asubuhi na mapema, umande ukiwa bado haujakauka. Saa hiyo ukungu wa chini ya majani unaonekana, na mimea iliyolegea jana kwa jua kali imekwisha kujisimamisha. Unaoukuta umenyauka alfajiri una tatizo la kweli.

Simama pembeni kwanza, utazame mchoro wa tatizo. Likiwa limeenea shamba zima kwa kiwango kimoja, fikiria maji, mbolea, hali ya hewa au dawa iliyopigwa karibuni, kwa sababu vimelea haviingii shamba zima siku moja. Likiwa upande mmoja tu au mstari wa pembeni, shuku dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo kutoka shamba jirani, au wadudu walioingilia upande huo. Viraka vinavyotanuka wiki hadi wiki huelekeza kwenye udongo: minyoo fundo inayoshambulia mizizi, au mnyauko wa bakteria unaofuata mkondo wa maji kuelekea mteremkoni. Mmea mmoja mmoja uliotawanyika bila mpangilio kwa kawaida ni virusi vilivyoletwa na wadudu, au ugonjwa uliokuja na mbegu na miche.

Kisha sogea kwenye mmea na ujiulize swali moja: tatizo limeanzia majani ya chini yaliyozeeka au ya juu machanga? Bakajani wahi, septoria, mnyauko wa fusari (magonjwa yanayoelezwa hapa chini) na upungufu wa naitrojeni, potasiamu au magnesiamu huanzia chini. Virusi, sumu ya dawa za magugu na upungufu wa chuma hujionyesha juu. Jibu la swali hilo peke yake linaondoa nusu ya uwezekano.

Weka alama kwenye mimea mitano kwa kamba au kijiti, urudi baada ya siku tatu. Ugonjwa huongezeka: madoa yanakua, majani mapya yanaingia kwenye orodha. Hitilafu iliyotokana na tukio moja, kwa mfano baridi ya usiku mmoja au dawa iliyozidi kipimo, inabaki ilipo na majani yanayofuata yanatoka safi.

Vifaa ni vichache: wembe au kisu kikali, lenzi ya mkono inayokuza mara 10 hadi 20, glasi angavu ya maji safi, mifuko ya plastiki, karatasi ya shashi, na kijembe cha kuchimbulia mizizi. Safisha kisu kwa spiriti kila unapohamia mmea mwingine, la sivyo wewe mwenyewe ndiye utakayebeba bakteria kutoka mstari hadi mstari.

Madoa kwenye majani

*Bakajani wahi* huletwa na kuvu, yaani kimelea cha ukungu, aitwaye Alternaria. Doa lake ni la kahawia iliyokolea, lina duara ndani ya duara, na mara nyingi limezungukwa na njano. Linaanzia majani ya chini, hasa mmea unapoanza kubeba matunda, maana mmea uliochoka kwa kubeba hupoteza kinga kwanza kwenye majani mazee. Hupenda joto la nyuzi 24 hadi 29 pamoja na umande au mvua. Kwenye tunda hushika upande wa kikonyo na kuacha doa jeusi lililobonyea, nalo lina duara zilezile. Jina lisikupotoshe: huja wakati wowote wa msimu, na huushambulia mmea mkubwa zaidi kuliko mche.

*Bakajani chelewa* ni mwingine kabisa, na huu hausubiri. Doa halina duara wala mpaka ulionyooka. Ni baka kubwa la kijani kilichofifia, kama jani lililomwagiwa maji ya moto, ambalo baada ya siku moja au mbili huwa la kahawia. Huanzia popote kwenye mmea. Shina hupata mabaka ya kahawia hadi meusi, na tunda la kijani huwa na baka la kahawia gumu, lenye mikunjo, hasa begani. Hali yake ni ubaridi na unyevu: nyuzi 15 hadi 22, ukungu, mawingu, majani yanayoshinda yamelowa. Hali hiyo ikidumu, shamba lililokuwa kijani linaweza kuungua lote ndani ya siku 7 hadi 10.

Ukiwa na shaka kati ya hao wawili, fanya jaribio la usiku mmoja. Chuma jani lenye baka ambalo bado lina sehemu ya kijani. Lowesha karatasi ya shashi, ikamue isichuruzike, iweke ndani ya mfuko wa plastiki, laza jani juu yake upande wa chini ukitazama juu, puliza hewa kidogo ndani na ufunge. Uweke kivulini penye ubaridi. Baada ya saa 12 hadi 24 tazama ukingo wa baka, pale uozo unapokutana na kijani. Ukiona vinyoya vyeupe vyepesi vimeota kwenye mstari huo, ni bakajani chelewa. Vinyoya vikiota katikati ya sehemu iliyokwisha kufa tu, usivitegemee, kwa sababu kuvu wa kawaida hula kilichooza.

Tofauti hii ina uzito kwenye dawa. Kimelea cha bakajani chelewa, Phytophthora infestans, si kuvu halisi. Kiambata cha dawa kama metalaksili kimetengenezwa kwa ajili ya jamii yake, nacho hakifanyi kitu kwa Alternaria. Mankozebu hukinga dhidi ya wote wawili, lakini ni dawa ya kukinga: hukaa juu ya jani na haiponyi kilichokwisha kuingia ndani.

*Septoria* nayo huanzia chini, ila madoa yake ni madogo na mengi, milimita 2 hadi 5, ya mviringo, katikati kijivu na ukingo mweusi. Weka lenzi katikati ya doa: utaona vitone vyeusi vidogo mno, ambamo mbegu za kuvu huzaliwa. Vitone hivyo ndiyo saini yake. Septoria haigusi matunda ila kwa nadra sana, kwa hiyo majani yaliyojaa madoa juu ya matunda safi ni ushahidi mzuri.

Madoa ya bakteria ni meusi, madogo, yana mng'ao wa mafuta yakiwa na unyevu, na hayana kijivu wala vitone katikati. Hapa usihukumu kwa jani, tafuta tunda. Vidonda vya kahawia vilivyoinuka, vinavyokwaruza kidole kama kigaga, ni madoa ya Xanthomonas, ugonjwa wa joto. Vitone vyeusi vidogo sana ambavyo ukucha unaweza kuving'oa ni Pseudomonas, ugonjwa wa ubaridi. Kidoa cha kahawia chenye ukubwa wa milimita 3 hivi, kilichozungukwa na weupe mithili ya jicho la ndege, ni kansa ya bakteria, na hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote tatu. Kwenye majani kansa hukausha kingo, na mara nyingi vijani vya upande mmoja wa jani hunyauka huku vya upande wa pili vikibaki wima. Dawa za kawaida za ukungu haziui bakteria. Dawa za shaba hupunguza kasi tu, na huweza kushindwa mahali ilipotumika miaka mingi.

*Ubwiri unga* ni rahisi kuutambua ukiwa juu ya jani, maana ni unga mweupe. Kuna aina nyingine inayotoa mabaka ya njano juu na unga hafifu chini. Kwa hiyo kila unapoona baka la njano, geuza jani.

Sasa wadudu wanaojifanya ugonjwa. Viwavi vya Tuta absoluta, yaani kantangaze, hula nyama ya jani na kuacha baka lililokauka ambalo kwa mbali linafanana na bakajani. Linyanyue juani: likiwa na ngozi mbili angavu zenye uwazi katikati na kinyesi cheusi ndani, si ugonjwa. Utitiri mwekundu huacha vidoti vingi vyeupe na utando chini ya jani. Msumbufu zaidi ni utitiri wa kutu. Ni mdogo kiasi cha milimita 0.2 hivyo macho matupu hayamwoni. Shina la chini linapoteza vinyweleo, linakuwa na rangi ya shaba, na majani yanakauka kutoka chini kwenda juu mfano wa mmea uliokosa maji. Watu humwagilia na kupiga dawa ya ukungu wiki nzima bure, wakati dawa ya salfa ndiyo ingemweza.

Mmea unaonyauka

Hapa ndipo kisu kinapofanya kazi kuliko macho. Chukua mmea ulionyauka lakini haujafa, uchimbue na mizizi yake.

Tazama mizizi kwanza. Ikiwa na vinundu na uvimbe uliomo ndani ya mzizi wenyewe, ni minyoo fundo. Mnyanya hauna vinundu vya kawaida kama vya maharage, kwa hiyo uvimbe wowote wa namna hiyo ni wa kutilia maanani. Mimea ya namna hii hudumaa, hulegea mchana na kuamka jioni, na hukaa kwa viraka. Mizizi ikiwa ya kahawia, laini, ngozi inachubuka na kubaki uzi wa katikati, maji yametuama na mizizi imekosa hewa.

Tazama shingo ya mmea, pale shina linapoingia ardhini. Nyuzi nyeupe zilizotambaa pamoja na chembe za mviringo za kahawia, milimita 1 hadi 2, ni Sclerotium rolfsii. Hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Shingo na mizizi vikiwa safi, pasua shina kwa urefu kuanzia usawa wa udongo. Mishipa ya maji, ule mstari ulio chini kidogo ya ganda, inapaswa kuwa nyeupe au kijani hafifu. Ikiwa kahawia, una moja kati ya haya.

*Mnyauko bakteria* (Ralstonia solanacearum): mmea unanyauka ungali kijani. Siku ya kwanza majani machache ya juu hulegea mchana na kuamka usiku. Ndani ya siku chache mmea wote umelala bila kupitia njano. Hupenda udongo wa joto na unyevu.

*Mnyauko fusari*: njano hutangulia. Mara nyingi upande mmoja wa mmea, au hata nusu ya jani moja, hugeuka njano huku nusu ya pili ikibaki kijani. Huenda polepole kutoka chini kwenda juu, na hustawi udongo ukiwa na nyuzi 28 hivi.

*Mnyauko vertisilia*: njano yenye umbo la herufi V kutoka ukingo wa jani kuelekea katikati, kwenye udongo wa ubaridi zaidi, nyuzi 20 hadi 24. Mmea hudumaa zaidi kuliko kufa.

Kuwatenganisha bakteria na kuvu kunahitaji glasi ya maji. Kata kipande cha shina cha sentimita 5 hadi 10 kutoka sehemu ya chini, juu kidogo ya udongo. Kishike wima, au kining'inize kwa uzi au waya, ncha ya chini ikizama sentimita 1 tu. Usitikise. Weka kitu cheusi nyuma ya glasi utazame kwa dakika 3 hadi 5. Kama ni mnyauko bakteria, nyuzi nyeupe kama maziwa zitaanza kuteremka taratibu kutoka kwenye mishipa iliyokatwa, na ukiziacha maji yote yatafifia. Mmea wenye fusari au vertisilia hautoi kitu. Weka glasi ya pili yenye kipande cha mmea usioumwa ili uwe na cha kulinganishia, kwa kuwa utomvu wa kawaida unaweza kutoka kidogo ukamchanganya anayefanya kwa mara ya kwanza.

Jibu likiwa bakteria, hakuna dawa ya kuponya. Ng'oa mmea na udongo ulioshika mizizi, uweke kwenye mfuko papo hapo badala ya kuuburuta, usiyaruhusu maji ya mtaro yapite hapo kwenda kwenye mimea mizima, na usirudishe mahali hapo nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo. Jibu likiwa fusari, bilinganya na viazi havina shida na kimelea hicho mahususi cha nyanya, ila chenyewe hukaa udongoni miaka mingi hata bila nyanya, na njia ya uhakika ni mbegu yenye ukinzani. Soma herufi kwenye pakiti: F ni fusari, V ni vertisilia, N ni minyoo fundo. Fahamu pia kwamba ukinzani wa minyoo hulegea udongo ukipita nyuzi 28, kwa hiyo N haitoshi peke yake kwenye ardhi yenye joto kali.

Majani yaliyojikunja

Majani ya chini yakijikunja kwenda juu, yakiwa mazito, kijani kilichokolea na bila njano, wala matunda hayana kasoro, mara nyingi ni mmea wenyewe unajihami baada ya kupogolewa sana, joto au naitrojeni nyingi. Acha. Usipige chochote.

Majani ya juu yakiwa madogo, yamejikunja kama kikombe, kingo za njano, mmea umefupika na maua yanapukutika, hao ni virusi vya njano na kujikunja kwa majani (TYLCV), ambao wakulima wengi huwaita rasta. Hubebwa na nzi weupe. Dalili huonekana wiki mbili hadi tatu baada ya mmea kuambukizwa, ndiyo maana mmea uliougua mapema sana shambani huenda uliambukizwa ungali kitaluni. Wavu wa kuzuia wadudu kitaluni una thamani kuliko dawa yoyote ya baadaye.

Majani yenye mabaka ya kijani kilichokolea na kilichofifia yakipishana, wakati mwingine yamekuwa membamba, ni virusi vya mozaiki. Hivi haviletwi hasa na wadudu. Husafiri kwa mikono, visu, kamba na mbegu. Kirusi kipya cha jamii hiyo, ToBRFV, kilionekana Israeli mwaka 2014 na Jordani mwaka 2015, nacho huvunja ukinzani ambao mbegu nyingi zilitegemea dhidi ya mozaiki. Hukunjisha matunda, huyapa mabaka ya njano na wakati mwingine ya kahawia. Virusi vinavyoenezwa na wadudu wadogo waitwao vithiripi (TSWV) huyapa majani machanga rangi ya shaba yenye vidoa vyeusi, na tunda lililoiva hubaki na pete hafifu zisizokolea wekundu.

Kabla ya kulaumu virusi, ondoa uwezekano wa dawa ya magugu. 2,4-D na jamaa zake hufanya jani jipya kuwa jembamba lenye mishipa inayokwenda sambamba, na vikonyo hujipinda chini. Hakuna mozaiki, na mimea iliyoathirika inafuata njia ya upepo, au mistari iliyopuliziwa kwa bomba lililokuwa na dawa hiyo. Samadi ya mifugo iliyokula malisho yaliyopigwa baadhi ya dawa hizo huleta dalili zilezile. Ijaribu: changanya samadi na udongo kwenye makopo matatu, panda maharage, na weka makopo mengine matatu yenye udongo mtupu. Baada ya wiki mbili hadi tatu, maharage ya samadi yakijikunja na ya pili yakiwa manyoofu, usiipeleke kwenye nyanya.

Njaa ya virutubisho

Mmea wote umefifia kuanzia majani ya chini: naitrojeni. Njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe kijani, majani ya chini: magnesiamu. Sura hiyohiyo kwenye majani ya juu: chuma, na mara nyingi udongo una alkali nyingi kuliko kukosa chuma chenyewe. Kingo za majani mazee zimeungua: potasiamu. Zambarau chini ya majani ya miche: fosforasi, au ubaridi tu unaozuia mizizi kuivuta. Pima pH kabla ya kununua mbolea. Nyanya hupenda 6.0 hadi 6.8.

Matunda

Angalia upande wa tunda. Kitakoni, kikavu, cheusi kama ngozi, kimebonyea, na kiko hasa kwenye kishada cha kwanza: ni kuoza kitako. Si ugonjwa, hata kama baadaye kuvu huota juu yake na kumdanganya mtu. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka mizizini. Mmea ukikosa maji siku kadhaa tunda linapokua kwa kasi, kalsiamu inakwenda kwenye majani yanayotoa mvuke zaidi na kitako kinakosa. Ndiyo sababu kupulizia kalsiamu majani hakusaidii sana: iliyoingia jani haihami kwenda tundani. Mwagilia kwa mpangilio, takribani milimita 25 hadi 40 kwa wiki ukizigawa mara mbili au tatu, weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, punguza mbolea ya naitrojeni yenye amonia nyingi, na ondoa matunda yaliyoharibika.

Begani, kahawia gumu, ni bakajani chelewa. Kwenye kikonyo, duara, ni bakajani wahi. Tunda linalogusa udongo likiwa na mabaka laini yenye duara za kahawia limepata Phytophthora ya udongoni, na kusimika mmea kwa kamba kunamaliza sehemu kubwa ya shida. Tunda lililoiva lenye visima vya mviringo na vitone vyeusi katikati lina chule.

Mipasuko ni maji mengi baada ya ukame. Baka jeupe kama karatasi upande wa jua ni kuungua, kwa kawaida baada ya majani kupogolewa kupita kiasi. Tunda lenye makovu na mikunjo kitakoni liliharibika likiwa ua, usiku wa baridi chini ya nyuzi 13 hivi. Bega linalobaki njano huja na joto au upungufu wa potasiamu. Juu ya nyuzi 30 rangi nyekundu haitengenezwi vizuri.

Kitaluni

Mche ulioanguka kwa kunyongeka usawa wa udongo ni kinyausi. Punguza maji, panua nafasi, acha hewa ipite, na usiotee tena kwenye udongo uleule.

Ukibaki na shaka

Peleka sampuli maabara au kwa afisa ugani. Chukua mimea miwili au mitatu iliyo katika hatua tofauti, mmoja ukiwa ndiyo kwanza unaanza, na mmoja mzima wa kulinganishia. Chimbua na mizizi. Mizizi na udongo wake vifungwe kwenye mfuko wa plastiki pekee, udongo usiguse majani. Majani yalazwe kati ya karatasi kavu za gazeti, kamwe yasilowekwe, maana yakifika yameoza bakteria wa uozo watakuwa wamefunika chanzo. Andika aina ya mbegu, tarehe ya kuhamisha miche, zao lililotangulia, dawa zote zilizopigwa na lini, na mchoro uliouona shambani. Fikisha siku hiyohiyo ukiweza. Ikishindikana, weka penye ubaridi, sio kwenye friza. Mmea uliokwisha kukauka uache shambani, kwani hauwezi tena kuonyesha kilichouua.